Somo la 14: Mitambo Inayojiongoza Yenyewe

Kaeni vizuri, kila mtu awe na daftari na kalamu yake.

Katika somo lililopita tulijifunza jinsi pampu inavyopandisha maji kutoka chini mpaka juu. Leo tutajifunza jambo lingine. Pampu hiyo inajuaje wakati wa kuanza kazi na wakati wa kuacha, ikiwa hakuna mtu aliyeishika? Na je, tunaweza kuiacha peke yake, tukalala usingizi?

Kabla ya kuanza, namwomba mwalimu wa darasa aandike maneno haya matano ubaoni: MPIMAJI, MWAMUZI, MTENDAJI, KIWANGO, KENGELE. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti, kisha yaandikeni katika daftari zenu.

(Kituo kifupi.)

Haya, tuanze nyumbani. Mmewahi kumtazama mtu anayepika wali juu ya jiko la makaa? Hakai tu akasubiri. Mara kwa mara hufunua sufuria, akatazama maji, akanusa. Akiona moto ni mkali mno, huondoa makaa. Akiona moto umefifia, hupepea. Kisha hutazama tena. Hufanya hivyo mpaka wali uive.

Mpishi huyo anafanya kazi tatu. Kwanza, anapima: moto ukoje, maji yamebaki kiasi gani? Pili, anaamua: niongeze au nipunguze? Tatu, anatenda: anaondoa makaa au anapepea. Baada ya kutenda hurudi kupima, ili aone kama tendo lake limefaa. Kazi hizo tatu huzunguka kama gurudumu: kupima, kuamua, kutenda, kisha kupima tena.

Mtambo unaojiongoza wenyewe hufanya kazi hizo hizo tatu. Ndani yake mna kama wafanyakazi watatu. Wa kwanza ni MPIMAJI. Wa pili ni MWAMUZI. Wa tatu ni MTENDAJI. Si watu, ni vyombo, lakini tutawaita hivyo ili tuwakumbuke. Mahali popote mtakapoona mtambo unaojiongoza, hata uwe mkubwa namna gani, tafuteni hao watatu. Mtawakuta.

Sasa tuwatafute katika kitu kidogo. Kama pana choo cha kuvuta maji mahali mlipo, kina tangi dogo nyuma yake. Ukifunua kifuniko utaona boya, yaani kitu chepesi kinachoelea juu ya maji. Boya limefungwa kwenye mkono wa chuma au wa plastiki, na mkono huo umeshikamana na koki. Ukivuta maji, tangi huwa tupu, boya hushuka, koki hufunguka na maji huingia. Maji yakipanda, boya nalo hupanda pamoja nayo. Likifika juu, mkono huifunga koki, na maji hukoma. Hapana umeme, hapana mtu. Boya ndilo mpimaji. Mkono ndio mwamuzi, kwa kuwa urefu wake na mkunjo wake ndivyo vinavyoweka KIWANGO, yaani mahali ambapo maji yanatakiwa yafike. Koki ndiyo mtendaji.

Tuchukue mfano wa pili: pasi ya umeme. Ndani ya pasi mna bamba jembamba lililotengenezwa kwa madini mawili yaliyounganishwa mgongo kwa mgongo. Vitu vya madini vikipata joto hutanuka, lakini madini moja hutanuka kuliko jingine. Kwa hiyo bamba likipata joto hupinda. Likipinda vya kutosha, huachanisha njia ya umeme, na pasi huacha kupata moto. Mtasikia mlio mdogo: "tak!" Pasi ikipoa kidogo, bamba hunyooka, njia ya umeme huungana, na pasi hupata moto tena. Kile kigurudumu mnachokizungusha kuchagua nguo za pamba au za hariri, kazi yake ni kubadili kiwango.

Sasa hebu tufikiri. Kama pampu ya maji ingekuwa na kiwango kimoja tu, ingekuwaje? Tuseme kiwango ni lita 9,000. Mtu mmoja akifungua bomba akanawa mikono, maji yanashuka kidogo chini ya 9,000, na pampu inawaka. Baada ya nukta chache maji yamefika 9,000, pampu inazimika. Mwingine ananawa, inawaka tena. Pampu ingewaka na kuzimika siku nzima, na mota yake ingeungua upesi. Kwa hiyo mafundi huweka viwango viwili: kimoja cha kuwasha, chini, na kimoja cha kuzima, juu. Maji yakiwa katikati, pampu hubaki kama ilivyokuwa.

Lakini si kila kazi hufaa kuwashwa na kuzimwa tu. Dereva wa basi hakanyagi mafuta mpaka mwisho kisha akaondoa mguu kabisa. Hukanyaga kidogo au zaidi, kwa kadiri ya mlima. Katika viwanda vingi mwamuzi hufanya vivyo hivyo: haifungi vali yote wala haifungui yote, bali huisogeza kidogo kidogo kwa kadiri ya kosa lililopo. Kosa likiwa kubwa, husogeza sana. Kosa likiwa dogo, husogeza kidogo.

(Muziki kidogo.)

Tutoke sasa nyumbani, twende mjini, katika jumba refu lenye maofisi. Chini ya jumba mna tangi kubwa la maji. Juu ya paa pana tangi jingine. Katikati pana pampu mbili zinazopokezana kazi. Pana lifti, na pana mitambo ya kupoza hewa. Vyote hivyo vina wapimaji wake, na nyaya hupeleka habari zao mpaka kwa mwamuzi.

Siku hizi mwamuzi huyo ni kompyuta ndogo, imara, iliyofungwa ndani ya kabati la chuma. Zamani haikuwa hivyo. Zamani walitumia rilei, yaani swichi ambayo haisukumwi kwa kidole bali huvutwa na sumaku ya umeme. Kiwanda kimoja cha motokaa kiliweza kuwa na mamia ya rilei zilizounganishwa kwa nyaya nyingi. Kila walipotaka kutengeneza motokaa ya namna mpya, mafundi walilazimika kufungua nyaya hizo na kuzifunga upya. Kazi hiyo ilichukua muda mwingi na fedha nyingi. Mwaka 1968, huko Marekani, wahandisi wa kampuni ya General Motors walitoa orodha ya mambo waliyoyataka katika chombo kitakachochukua mahali pa rilei. Richard Morley na wenzake wakatengeneza chombo kilichoitwa Modicon 084. Katika chombo cha namna hiyo, fundi hafungui nyaya. Anabadili maagizo yaliyoandikwa.

Sikilizeni vizuri hapo, wanafunzi. Maagizo yaliyoandikwa! Mtambo husoma maagizo mstari kwa mstari, kama ninyi mnavyosoma. Na mtu wa kwanza kujua kama maagizo ni mema ni yule awezaye kuyasoma. Hebu tusome pamoja maagizo ya pampu ya jumba letu. Tangi la juu linachukua lita 10,000.

1. Maji ya tangi la juu yakishuka chini ya lita 3,000, washa pampu.
2. Maji ya tangi la juu yakifika lita 9,000, zima pampu.
3. Maji ya tangi la chini yakikauka, zima pampu, piga kengele.
4. Maji ya tangi la juu yakifika lita 9,700, zima pampu, piga kengele.

Kompyuta hutazama kwanza habari za wapimaji wote. Kisha hupita agizo la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Kisha hutuma amri kwa watendaji. Baada ya hapo huanza tena mwanzo. Huzunguka hivyo mara nyingi katika nukta moja, usiku na mchana, wala haichoki.

Tazameni agizo la 3. Pampu ikizunguka bila maji huharibika, kwa hiyo agizo hilo linalinda pampu. Tazameni agizo la 4. Maji hayatakiwi kufika 9,700 hata siku moja, maana yangekoma 9,000. Yakifika huko, basi kuna kitu kimeharibika. Agizo la 4 ni mlinzi. Halina kazi mpaka siku ya hatari.

Sasa nawauliza swali, na darasa lijadiliane kwa dakika mbili. Tuseme mpimaji wa tangi la juu ni mmoja tu, naye amekwama. Maji yanapanda, lakini yeye anaendelea kusema: "Lita 6,000. Lita 6,000. Lita 6,000." Je, agizo la 2 litazima pampu? Na agizo la 4 litapiga kengele?

(Kituo cha dakika mbili.)

Nadhani mmekwisha kupata jibu. Agizo la 2 halitazima pampu, kwa kuwa mwamuzi anaamini kuwa maji ni lita 6,000 tu. Na agizo la 4 halitapiga kengele, kwa sababu hiyo hiyo. Mlinzi anamsikiliza mtu yule yule aliyekosea. Maji yatamwagika, na kengele itanyamaza. Mwamuzi hana kosa. Amefuata maagizo barabara. Lakini hana macho mengine ila yale aliyopewa. Mtambo huamini jicho lake. Jicho likiwa bovu, mtambo hutenda mabaya kwa utii mkubwa.

Ndiyo maana mafundi wenye busara huweka mpimaji wa pili, asiyetegemea wa kwanza kwa lolote, ambaye kazi yake ni ile ya agizo la 4 tu. Wa kwanza akikwama, wa pili ataona.

Mtu anaweza kusema: "Maji yakimwagika ni hasara kidogo tu." Ni kweli, kama ni maji. Lakini kuna matangi yasiyotiwa maji. Sikilizeni habari hii iliyotokea Uingereza.

Mahali panapoitwa Buncefield, karibu na mji wa Hemel Hempstead, kaskazini ya London, palikuwa na ghala kubwa la mafuta. Mafuta yalifika kwa mabomba marefu yaliyopita chini ya ardhi, yakatiwa katika matangi makubwa. Tangi moja liliitwa Tangi namba 912. Lilikuwa na mpimaji aliyepeleka habari kwenye chumba cha wasimamizi, ambako kimo cha mafuta kilionekana kwenye kioo cha kompyuta. Kengele nazo zilimtegemea mpimaji huyo. Juu kabisa ya tangi palikuwa na mpimaji wa pili, swichi ya peke yake, ambayo ilitakiwa kusimamisha mafuta hata kama yote mengine yameshindwa. Mnaona, wanafunzi, walikuwa na mlinzi wa pili, kama tulivyosema.

Jioni ya tarehe 10 Desemba, 2005, petroli ilianza kuingia katika tangi lile. Usiku, kama saa tisa, mpimaji wa kwanza alikwama. Kwenye kioo, kimo cha mafuta kilionekana kimesimama, hali petroli ilikuwa inaendelea kuingia. Kengele hazikulia, kwa sababu kwa hesabu ya mpimaji huyo tangi lilikuwa bado halijajaa. Petroli ikafika juu, ikaifikia swichi ya mlinzi. Swichi haikufanya kazi.

Kwa nini haikufanya kazi? Swichi ile ilikuwa na mkono mdogo wa kuijaribia, ili fundi aweze kuona kama ni nzima. Baada ya kuijaribu, mkono ule ulipaswa kufungwa kwa kufuli ili ukae mahali pake. Bila kufuli mkono uliweza kushuka, na ukishuka swichi ni kama haipo. Kufuli haikuwekwa. Waliofanya kazi pale hawakuelewa kazi yake. Walidhani ni ya kuzuia watu wasichezee chombo tu.

Kabla ya saa kumi na mbili alfajiri petroli ilianza kumwagika kutoka juu ya tangi. Zaidi ya lita 250,000 zilitoka. Mvuke wa petroli ukawa wingu lililotambaa chini, likatoka nje ya uzio wa ghala. Saa kumi na mbili na dakika moja, Jumapili tarehe 11 Desemba, wingu lile lililipuka. Matangi zaidi ya 20 yakashika moto, na moto uliwaka kwa siku kadhaa. Watu zaidi ya 40 waliumia. Hakufa mtu hata mmoja, kwa kuwa ilikuwa Jumapili alfajiri na maofisi ya jirani hayakuwa na watu. Ingekuwa siku ya kazi, saa za kazi, tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Baadaye kesi ilifika mahakamani, na mwaka 2010 makampuni matano yalitozwa faini.

Basi, kosa lilikuwa la nani? La mpimaji aliyekwama? Sikilizeni jambo moja lililojulikana katika uchunguzi. Mpimaji yule hakukwama siku hiyo tu. Tangu mwisho wa Agosti mwaka ule alikuwa amekwama mara 14. Wakati mwingine wasimamizi walimkwamua wenyewe, wakaendelea na kazi. Wakati mwingine waliita mafundi. Wakati mwingine waliandika kosa katika daftari la kazi. Wakati mwingine hawakuandika. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeweza kufungua daftari akahesabu: mara ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi na nne. Kila zamu iliona kosa dogo. Kosa kubwa halikuonekana, kwa sababu halikuandikwa lote mahali pamoja.

(Muziki kidogo.)

Wanafunzi wetu, labda wengine wenu mnasema: "Mimi si fundi. Habari hizi zinanihusu nini?" Zinakuhusu sana. Mitambo ya namna hii iko hospitalini, viwandani, katika mahoteli, katika visima vya maji vya miji midogo. Mara nyingi anayekaa karibu nayo usiku si mhandisi. Ni mlinzi, au mhudumu wa pampu, au mfagiaji. Mhandisi yuko kwake amelala. Wewe ndiwe unayesikia pampu inalia vibaya, na ndiwe unayeona maji yanateremka ukutani. Wewe ni mpimaji wa pili.

Kwa hiyo shikeni mambo matano.

Kwanza, msiamini picha peke yake. Kioo kikisema tangi limejaa nusu, na pampu imezunguka usiku kucha, kuna jambo. Panda ukatazame, au ligonge tangi ukasikilize, kama ni tangi la maji.

Pili, kitu kinachotakiwa kubadilika kikisimama kimya, ulizeni. Namba isiyobadilika inaweza kuwa habari mbaya kuliko namba kubwa.

Tatu, kengele na mlinzi wa pili vijaribiwe kwa zamu, kwa tarehe inayojulikana. Chombo ambacho kazi yake ni kungoja hatari, hamwezi kujua uzima wake kwa kukitazama tu. Kisha baada ya kujaribu, hakikisheni kila kitu kimerudishwa mahali pake.

Nne, msifunge waya wala kijiti kuidanganya swichi ya ulinzi ili kazi iende upesi. Mlango wa lifti una swichi inayosema kama umefungwa. Mtu akiidanganya, lifti itaondoka mlango ukiwa wazi. Swichi ikisumbua, simamisheni mtambo, iteni fundi.

Tano, andikeni. Andikeni tarehe, saa, mliloliona, mlilolifanya na jina la aliyearifiwa. Andikeni hata kama kosa limekwisha lenyewe. Na zamu inapobadilika, anayeingia asome kabla anayetoka hajaondoka. Mnajifunza kusoma na kuandika katika darasa hili; hapa ndipo pa kutumia elimu hiyo. Mstari mmoja katika daftari unaweza kumfikia mtu ambaye hutamwona kamwe, ukamwokoa.

Sasa maswali. Jibuni katika daftari zenu, kisha msomeane.

1. Taja kazi tatu za mtambo unaojiongoza.
2. Katika tangi la choo, mpimaji ni nani na mtendaji ni nani?
3. Kwa nini pampu huwekewa viwango viwili?
4. Katika habari ya Buncefield, kwa nini kengele hazikulia?
5. Kufuli ya swichi ilikuwa na kazi gani?

Kazi ya nyumbani ni hii. Tafuta chombo kimoja kinachojiongoza, nyumbani au kazini, kama vile pasi, jokofu au tangi lenye boya. Usikifungue kama kina umeme. Kitazame tu kikifanya kazi. Andika mistari mitano: kinapima nini, kinaamua nini, kinatenda nini, kikikosea kitaleta hasara gani, na nani atajua. Mstari wa tano ufikirie sana. Ukiona hakuna atakayejua, jina lako ndilo litakalofaa kuandikwa hapo.

Somo letu limekwisha. Katika somo lijalo tutajifunza jinsi ya kupanga daftari la zamu na kuandika taarifa fupi ya kosa. Njooni na rula. Kwaherini, wanafunzi, mpaka wakati huo.